Mkanda Mweupe wa Karimata Fumino

Siku Tamanaha Zenkichi alipomwona Karimata Fumino kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa sakafuni anapangusa, na hakuna aliyemwagiza. Kimbunga kilikuwa kimepita jana yake, kikajaza mchanga na majani mpaka ndani ya dojo, ukumbi wa mazoezi ya karate, na Zenkichi alifika mapema akijua kuna kazi. Tena yeye kila siku alifika mapema, ili asije akasalimiana na watu wengi kwa mkupuo. Akakuta kazi imekwisha. Mwanamke alikuwa amekunja kitambaa mara nne, mikono miwili juu yake, kiuno kimeinuliwa, anakwenda mbio toka ukuta mpaka ukuta bila kuyumba.

"Za jioni, kaka," akasema na kusimama. "Mimi mgeni. Samahani, nimeanza bila kungoja wenyeji."

Zenkichi aliinamisha kichwa, akapita kando kando ya ukuta kama mtu anayekwepa dimbwi. Moyoni alijiuliza, mgeni gani huyu anayejua ndoo inapokaa?

Zenkichi alikuwa na miaka hamsini na mitatu na alitengeneza tofu, vipande laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa. Vita vilimkuta darasa la tatu. Vilipokwisha, shule ilikuwa hema la Wamarekani, naye akasoma humo mpaka darasa la sita, kisha akaingia jikoni kwa baba yake kusaga maharage ya soya, na hakutoka tena. Hakuwa msemaji. Wateja wake wa pale Naha, mji wa kisiwa cha Okinawa, walizoea kumwachia pesa kwenye bakuli na kuchukua tofu yao ya moto wenyewe, maana ukimsemesha aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Mahali pekee duniani alipojiona mtu kamili ni dojo ya Mwalimu Yonamine Chobun, chumba cha mbao chenye nguzo tatu za kupigia ngumi uani, alikoanza kuingia akiwa na miaka kumi na minne.

Basi mtu yeyote aliyeingia pale, Zenkichi alimchungulia kwanza.

Mgeni alivaa mkanda mweupe. Hilo halikuwa ajabu, kila anayeanza huvaa mweupe. Lakini walipoanza Sanchin, zoezi la kusimama, kupumua na kusogea hatua tatu ambalo Mwalimu huwafundisha wapya kwa miaka mitatu kabla ya kuwafundisha lingine, Zenkichi aliangalia miguu. Mtu mpya vidole vyake huinuka. Vidole vya mwanamke huyu vilishika mbao kama kaa anavyoshika mwamba. Mwalimu, mzee wa miaka themanini na moja, alimpiga makofi mabegani na mapajani kumjaribu, kama anavyomjaribu kila mtu. Mwanamke hakutikisika.

"Vizuri," Mwalimu akasema, akapita kwa mwingine.

Zenkichi alirudi nyumbani na neno moja limemkwama kooni. Miguu ile haikuwa ya mgeni. Kwa nini basi amejifunga mkanda wa mgeni?

Jibu la kwanza alilipata kwa Gibo. Gibo alikuwa dereva wa teksi, mwenye mkanda mweusi na mdomo usio na breki, na waliingia dojo mwaka mmoja. Alikuja dukani asubuhi, akajikatia kipande cha tofu kwa kidole.

"Zenkichi, yule dada yetu mpya, unajua anafanya kazi gani?"

"Sijui."

"Kisie."

"Sijui, Gibo. Nina maharage motoni."

"Bima!" Gibo akapiga paja. "Nimemwona kwa macho yangu anatoka kwenye kampuni ile ya ghorofa saba karibu na kituo cha mabasi, begi limejaa kalenda na pipi. Mama wa bima! Sasa wewe jiulize, mama wa bima anatafuta nini kwa wazee kumi na wawili wenye nyumba zao na hofu ya kufa?"

"Labda mazoezi."

"Mazoezi!" Gibo alicheka mpaka akakohoa tofu. "Bwana we, endelea kusaga maharage. Siku utakapokufa atakuja na fomu kabla ya maiti kupoa."

Tangu siku hiyo Zenkichi akafungua jicho la pili.

Alingoja mwanamke atoe kalenda. Hakutoa. Mwezi wa Oktoba ukapita, wa Novemba ukaingia, na Fumino alikuja siku tatu kila wiki, akapangusa sakafu, akafanya Sanchin, akainama mbele ya Mwalimu, akaenda zake. Kuhusu bima hakutamka hata silabi. Kampuni zote zilikuwa zinagawa kalenda za mwaka mpya, hata muuza gesi aligawa, ila yeye hakugawa. Mtu mwingine angeona ni uungwana. Zenkichi aliona mvuvi anayetuliza maji.

Kisha likaja suala la upatu. Dojo ilikuwa na upatu wake, kama kila kikundi cha watu waliozoeana kule Okinawa. Kila Jumamosi ya pili watu huweka pesa kwenye bahasha, mmoja hupewa zote, halafu wote hula karela iliyokaangwa na mayai, wakanywa pombe ya mchele na kuteta. Ukialikwa kwenye upatu, ndiyo umekuwa mtu wa pale. Bibi Uto, mke wa Mwalimu, alimwalika Fumino mwenyewe.

"Nashukuru sana, bibi," Fumino akasema, kichwa chini. "Karela nitakula na vyombo nitaosha. Lakini kwenye pesa naomba mnisamehe."

Kukataa upatu! Gibo alimgusa Zenkichi kwa kiwiko. "Umeona? Hataki kuweka, anataka kuchukua."

"Kwa nini, mwanangu?" Bibi Uto aliuliza. "Huna?"

"Ninazo kidogo, bibi. Ila mtu wa kazi yangu akikaa kwenye upatu na nyinyi, atajua nani anazo na nani hana, nani ana shida mwezi huu. Sitaki kujua. Ni karibu mno."

"Karibu na nini?"

"Mkono ukiwa karibu mno, bibi, unapiga hata usipotaka."

Mwalimu Yonamine alitabasamu ndani ya kikombe chake. Zenkichi alimwona, na tabasamu lile likamuudhi. Alidhani mzee ameanza kuchezewa akili.

Siku moja ya Desemba aliamua kumfuata. Halikuwa jambo la kujivunia, na alipoifunga tofu ya kupeleka sokoni nyuma ya pikipiki alijiambia njia ni hiyohiyo. Fumino alitembea kwa miguu, begi begani, akaingia soko la samaki, akasimama kwa Bibi Makato, mama mnene mwenye kibanda cha samaki wa bluu na wekundu. Zenkichi akajificha nyuma ya mizani ya jirani, anajidai kuangalia ngisi.

"Karimata, nimekwambia nataka bima nyingine!" Bibi Makato alikuwa anafoka. "Ile kubwa. Jirani yangu ameuziwa."

"Mama, unayo moja, inakutosha."

"Wewe ndiye utakayenipangia? Pesa yangu, kifo changu!"

"Kifo chako kimoja tu, mama. Utakifanyia bima ngapi?"

Wauza samaki wakacheka, Bibi Makato naye akacheka huku anampiga begani kwa kitambaa chenye magamba. Fumino akampa pipi ya sukari guru, akauliza habari za goti, akaondoka bila kufungua begi.

Zenkichi alijitokeza. Kwa tabu, na masikio yamewaka, akauliza, "Mama, yule anakuuzia vitu kweli?"

"Yule? Nimembembeleza miezi mitatu aniuzie! Sijaona mtu wa bima mvivu kama yule. Hagongi mlango mara mbili. Lakini mume wangu alipofariki, mvua ile ya Juni, nani alifika na karatasi zote kabla sijamaliza kulia? Alikaa na mimi sakafuni mpaka jioni, mstari kwa mstari, maana mimi herufi zile ngumu sizijui." Akamtazama. "Na wewe mtu wa tofu, unamuulizia nini? Unamtaka?"

Zenkichi alinunua ngisi asiye na haja naye, akakimbia.

Njiani aliyapima maneno yale, na badala ya kutulia akazidi kushuku. Kimya kingi kina mshindo. Mtu anayekataa pesa ndogo ana kubwa anayoingoja. Na pale dojo, kubwa ilikuwa moja tu. Ilikuwa nyumba ya Mwalimu yenyewe, iliyokuwa kwenye njia panda ambako ardhi ilipanda bei kila mwezi, na kila jengo la zamani lilikuwa linabomolewa.

Hofu hiyo Mwalimu mwenyewe alikuwa nayo. Wanawe wawili walikuwa Osaka, na hawakujua hata kufunga mkanda. Akifa yeye, kodi ya urithi ingewalazimu wauze, na dojo ingekuwa mahali pa kuegesha magari. Alilisema hilo waziwazi siku moja baada ya mazoezi, huku anajikuna goti. Zenkichi usiku ule hakula. Wengine wangepoteza mahali pa mazoezi. Yeye angepoteza mahali pekee alipokuwa mtu.

Ndipo Januari akaja Bwana Kuwabara.

Alikuwa mtu wa bara, kutoka Tokyo, mwenye suti ya kijivu na viatu alivyovivua mlangoni na kuvipanga kwa ustadi mno. Alileta keki kwenye sanduku. Alikuwa mkuu wa idara kwenye kampuni ileile ya ghorofa saba, yaani bosi wa Fumino. Alikaa na Mwalimu na Bibi Uto alasiri nzima, na Zenkichi, aliyekuja kuleta tofu, aliyasikia yote kutoka jikoni. Mwalimu aweke nyumba rehani benki. Kwa pesa ya benki anunue bima ya aina mpya, ambayo kampuni inaiingiza kwenye hisa. Hisa zinapanda kila mwaka. Bima italipa riba ya benki, italipa kodi ya urithi, na itabaki chenji. "Dojo itasimama miaka mia, Mwalimu," akasema. "Kazi yako ni kugonga muhuri tu."

"Karimata anajua jambo hili?" Mwalimu aliuliza.

"Karimata ni mtu wangu," Kuwabara akajibu na kucheka. "Nani asiyejua anafanya mazoezi hapa?"

Zenkichi nusura adondoshe sufuria. Haya ndiyo aliyokuwa akiyangoja tangu Septemba! Mkanda mweupe, sakafu, upatu, pipi, njia yote ile ilikuwa inakuja hapa. Fumino alikuwa chambo.

Walikubaliana iwe Ijumaa. Mwalimu angegonga muhuri wake mkubwa, uliosajiliwa manispaa, ambao bila huo hakuna karatasi ya nyumba inayosimama. Muhuri ulikaa kwenye mtoto wa meza chini ya kabati la kuwaombea wahenga, ndani ya mfuko wa hariri. Kila mtu wa pale alijua.

Mtu mwenye ulimi angekwenda kwa Mwalimu akamwambia, usigonge. Zenkichi alilijaribu Jumatano. Alisimama mbele ya mzee, akafungua kinywa, akasema, "Mwalimu, baridi imezidi." Mzee akakubali kwamba imezidi. Basi.

Alhamisi asubuhi alipeleka tofu kama kawaida, akaingia kwa mlango wa nyuma. Bibi Uto alikuwa uani anaanika. Zenkichi akavuka mpaka chumba cha wahenga, akainama mbele ya kabati, akawaomba wahenga wa watu radhi kwa midomo bila sauti, akavuta mtoto wa meza, akautia muhuri kwenye mfuko wa aproni.

Alipogeuka, Fumino alikuwa barazani.

Alikuwa amekuja kupangusa kabla ya kazi. Alisimama na kitambaa mkononi, maji yanachuruzika. Aliutazama mfuko wa aproni. Kisha akaitazama miguu ya Zenkichi, polepole, kama Mwalimu anavyoitazama miguu ya mtu kabla ya kumrekebisha. Halafu akapiga magoti na kuendelea kupangusa.

Zenkichi akatoka mbio. Muhuri aliuficha kwenye mtungi wa maharage makavu, chini kabisa. Siku nzima alingoja polisi. Hawakuja. Hilo nalo likamtia shaka. Kwa nini amenyamaza? Ana mpango gani na mimi?

Ijumaa jioni watu walikusanyika, maana Mwalimu alitaka dojo yote ishuhudie. Kuwabara alikaa mbele, karatasi zimepangwa juu ya meza fupi. Fumino alikaa mwisho kabisa, mahali pa mkanda mweupe. Gibo alipoingia, Kuwabara aliinua mkono kwa furaha.

"Dereva! Kumbe na wewe uko hapa! Ni wewe ulinionyesha nyumba hii, unakumbuka? Ulisema mzee ana kiwanja cha dhahabu na wana wasio na habari."

Gibo akasimama kama aliyemwagiwa maji ya barafu. "Mimi... abiria huwa naongea nao tu," akasema.

Zenkichi alimtazama Gibo, akamtazama Fumino. Nani basi alikuwa chambo? Lakini hakupata nafasi ya kulifikiria swali hilo, maana Bibi Uto alitoka chumba cha wahenga na uso mweupe.

"Muhuri haupo."

Wakatafuta. Wakainua mikeka. Gibo, aliyekuwa na aibu yake ya kuficha, ndiye alipata sauti kwanza. "Nani alisafisha chumba kile jana? Si huyu mama wa bima? Muhuri ule ukigongwa popote, nyumba imekwenda! Sema, dada, umeuweka wapi?"

Macho yote yakamgeukia Fumino. Naye aliweka mikono juu ya mapaja.

"Nilisafisha, ndiyo," akasema.

"Na muhuri?"

"Mimi sikuuchukua."

"Nani basi?"

Fumino aliendelea kutazama mbele. Hakumtazama Zenkichi hata kwa pembe ya jicho. Na Zenkichi, mwenye mkanda mweusi wa miaka thelathini, ambaye angeweza kuvunja vigae kumi kwa ngumi, aliinamisha kichwa na kuacha mwanamke apakwe tope lake.

"Wala msigombane," Kuwabara akasema kwa upole. "Muhuri ukipotea unachongwa mwingine. Jumatatu asubuhi nitampeleka Mwalimu manispaa kwa gari langu, tunasajili mpya, saa nne tumemaliza."

Zenkichi alihisi sakafu imeondoka. Wizi wote ule, kumbe haukuinunulia dojo chochote ila Jumamosi na Jumapili.

Ndipo sauti ikatoka mwisho wa chumba. "Mwalimu, naomba ruhusa ya kuuliza."

Mkanda mweupe hauulizi mbele ya mgeni. Lakini Mwalimu aliinua kidevu. "Uliza."

Fumino alisogea mbele kwa magoti, akasimamisha mgongo, akamwangalia bosi wake. "Bwana Kuwabara. Hisa zikishuka, benki italipwa na nani?"

"Hisa hazishuki, Karimata. Unaiona grafu kila asubuhi ukutani."

"Ndiyo, bwana. Hisa zikishuka, benki italipwa na nani?"

"Bima ni jambo la muda mrefu. Tunaangalia miaka ishirini, hatuangalii—"

"Mwalimu ana miaka themanini na moja, bwana. Hisa zikishuka, benki italipwa na nani?"

Hakupaza sauti. Alisema maneno yaleyale, kwa pumzi ileile, kama anayerudia Sanchin. Kuwabara alibadilisha mkao, miguu ilikuwa imemfa ganzi kwa kuikalia. Uso ukamwiva.

"Karimata, wewe unalipwa mshahara na nani?"

Mwalimu Yonamine alicheka. Lilikuwa cheko fupi, kavu, la kizee. "Amerudi nyuma mara tatu," akasema, kana kwamba anahesabu pambano. "Bibi Uto, mletee mgeni chai. Bwana, hapa kwetu mtu akirudi nyuma mara tatu, hatumpigi tena. Tunampa chai anywe aende."

Chai ya asumini ikaletwa. Kuwabara akainywa kwa mafunda mawili, akakusanya karatasi zake, akachechemea mpaka kwenye viatu vyake.

Gari lilipoondoka Gibo akamgeukia Fumino, bado anatafuta pa kusimama. "Kama ulijua, kwa nini hukusema tangu mwanzo? Umekaa miezi minne kimya!"

"Baba yangu alinifundisha kwamba karate haina pigo la kwanza," Fumino akasema. "Ofisini walitutaka tuandike orodha ya kila tunayemjua, ndugu, jirani, mpaka tunaofanya nao mazoezi. Ukurasa wa dojo niliuacha mtupu. Nikadhani inatosha. Haikutosha, nilichelewa kidogo." Akainama. "Mnisamehe."

"Baba yako nani?" Zenkichi alijikuta ameuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza swali.

Mwalimu ndiye aliyejibu. Baba yake alikuwa mkata miwa wa kisiwa cha Miyako, na mwalimu wa karate kwa miaka arobaini. Fumino alikuwa na mkanda mweusi wa daraja la nne kwa baba yake. Barua ya mzee yule ilifika mwezi Agosti. Lakini anayehamia mlango wa mwalimu mwingine huacha mkanda wake nje. "Mnavaa mikanda myeusi," Mwalimu akasema, "na hakuna hata mmoja aliyekumbuka desturi hii. Wewe Zenkichi, uliiona miguu yake siku ya kwanza. Niliona ukiiona."

Habari za muhuri hazikuzungumzwa jioni ile, lakini hazikufa. Bibi Uto aliendelea kuutafuta. Watu walimshukuru Fumino mbele, na nyuma wakanong'ona: sawa, ametuokoa, lakini muhuri uko wapi? Labda aliuficha ili asaidie. Labda bado anao. Zenkichi aliisikia minong'ono hiyo, akapika tofu. Kila asubuhi alichota maharage kutoka mtungi mwingine.

Kampuni haikumfukuza Fumino. Ilimpa uhamisho wa kisiwa cha mbali kule kusini, kwenye tawi lenye meza mbili, akauze bima kwa wakata miwa waliokwisha kuuziwa zote. Mwezi wa Machi, asubuhi ya safari, teksi ilisimama mbele ya duka la tofu. Haikuwa ya Gibo. Fumino akaingia na begi dogo.

"Nipe ya moto, kaka. Nitaila uwanja wa ndege."

Zenkichi alikata tofu. Kisha akaenda kwenye mtungi, akaingiza mkono mpaka begani, akautoa mfuko wa hariri umejaa vumbi la maharage. Akauweka juu ya meza kati yao. Masikio yalikuwa yanamuunguza.

"Nilidhani wewe..." akaanza.

"Najua ulichodhani."

"Uliniona. Kwa nini hukunitaja?"

"Ungekuwa wewe mwizi, ungeanza na kuangalia mlango. Wewe ulianza na kuwainamia wahenga." Akachukua tofu yake, akaweka pesa kwenye bakuli. "Tena ningesema, nani angeamini? Mama wa bima dhidi ya mtu wa tofu!"

Zenkichi alitaka kucheka lakini haikutoka. Mpaka leo, akiyafikiria, bado kuna kona moja moyoni mwake inayouliza kama mwanamke yule hakuupanga mchezo wote. Alikuwa mtu wa kushuku tangu kuzaliwa, na tabia ni ngozi. Lakini mchana uleule alifunga duka, akavaa shati safi, akaenda dojo, akapiga magoti mbele ya Mwalimu, Bibi Uto, Gibo na wengine wote, akauweka muhuri sakafuni, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka uani, "Ni mimi niliyeuchukua. Si Karimata." Maneno mengi kuliko hayo hakuwahi kuyasema mbele ya watu. Dojo ingali imesimama. Hisa zilianza kuanguka mwaka uleule, na kwenye njia panda ile wapo wazee wawili waliogonga mihuri yao na sasa wanaishi kwa watoto.

Fumino mwenyewe, Zenkichi hakumwona tena. Asubuhi ile, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya teksi na tofu ikifuka mvuke mkononi, mwanamke aligeuka, akamtazama miguu, halafu mikono, halafu uso.

"Kaka Zenkichi, kunishuku hukukosea, mtu wa bima ni wa kushukiwa," akasema. "Ila siku nyingine uliza kwa mdomo. Mikono iache itengeneze tofu."